Barua za Wasomaji: Giza la Desemba, Joto la Januari na Miezi ya Hoteli Kufungwa

Katika toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie jinsi majira ya mwaka yanavyowagusa moyoni na akilini. Barua zimekuja kutoka Njombe hadi Muscat. Tumejibu tano, na zile tulizoziona zina hatari ndani yake tumezijibu kwa urefu zaidi. Karibu kila mwandishi amesema hali ya hewa inamwangusha, nasi tunaamini. Ila hali ya hewa haina njia moja ya kumfikia mtu. Huku huingia kwa kukosa mwanga, kule kwa joto linalokatiza usingizi, pengine kwa dawa anazomeza mgonjwa, na kwa wengi huingia kwa mfuko kukauka. Asiyejua imeingilia wapi hutibu pasipouma.

Ni mama wa watoto wawili, natunza wazee katika nyumba ya wazee hapa Minneapolis. Huu ni mwaka wangu wa nne tangu nitoke Nakuru. Kila Novemba mwili unakuwa mzito. Siku ya mapumziko nalala saa 10 au 11 mfululizo na bado naamka nimechoka. Nakula chapati na mikate bila kushiba, na kwaya nimeiacha. Ikifika Mei nakuwa mzima kabisa. Dada yangu nyumbani ananiuliza, "Uko Marekani, unalia nini?" Kanisani wameniombea. Mwenzangu kazini anasema ninunue taa maalum, mwingine anasema ni vitamini D. Nishike lipi?
*Mama Wawili, Minneapolis*

Pole sana, mama. Hujarogwa wala wewe si mvivu, na dada yako hana kosa, kwa sababu giza hilo hajawahi kuliona. Nakuru iko karibu sana na ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni dakika chache tu. Minneapolis tarehe 21 Desemba jua linachomoza ikikaribia saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na nusu jioni. Hizo ni saa zisizofika 9 za mwanga, na wewe saa hizo uko ndani ya jengo. Tena Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na jioni inakuja mapema kwa saa nzima kwa mkupuo mmoja. Watu wengi hali yao hubadilika wiki hiyohiyo.

Jicho likipata mwanga mkali wa asubuhi hupeleka habari kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili, na kichocheo cha usingizi kinachoitwa melatonini hukoma kumwagwa. Mwanga ukichelewa, mwili unaendelea kujihesabu uko usiku hali wewe umeshaanza kuwaogesha wazee. Hali hii ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Rosenthal mwenyewe alihamia Marekani kutoka Johannesburg, kwa hiyo alikuwa mgeni wa baridi hiyo kama wewe.

Daktari huiita sonona ya majira pale dalili zinapokuja msimu uleule kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, kisha zikaondoka zenyewe msimu ukiisha. Kulala kupita kiasi na kutamani vyakula vya wanga ndiyo sura yake ya kawaida ya wakati wa baridi. Kukumbuka nyumbani nako kunaumiza kweli, lakini hakuishi Mei kukarudi Novemba. Hata hivyo, usijihukumu mwenyewe kwa barua hii. Mwombe daktari apime wingi wa damu, tezi ya shingo na vitamini D. Upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi polepole huleta uchovu unaofanana sana na huo.

Sasa taa. Ndiyo, inafaa, na ndiyo tiba inayoanzwa nayo mara nyingi. Lakini wengi huitumia vibaya kisha wakasema haifanyi kazi, kwa hiyo tuiangalie kwa karibu.

Mwanga hupimwa kwa luksi. Chumba chenye taa za kawaida kina luksi 100 hadi 500. Taa ya tiba inatakiwa kutoa luksi 10,000 pale macho yako yalipo, na hapa ndipo wanunuzi wanapopigwa. Kwenye boksi utaona maandishi 10,000 lux kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo sana umbali wa sentimita 15. Hakuna mtu anayeweza kukaa nusu saa pua ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye taa. Tafuta inayotoa luksi hizo ukiwa umbali wa sentimita 30 hadi 60, na uso wake uwe mpana, takribani sentimita 30 kwa 40. Mwanga uwe mweupe, na iandikwe kwamba miale ya urujuanimno imechujwa. Taa za kukuzia mimea, taa za kuchomea ngozi na taa nyekundu za joto hazina kazi hapa, na baadhi zitakuumiza macho.

Iweke mezani, juu kidogo ya usawa wa macho au upande mmoja. Macho yawe wazi, lakini usiikodolee. Kunywa chai, soma Biblia, funga nywele za mtoto, na mara mojamoja inua uso kuielekea. Fanya hivyo dakika 30 kila asubuhi, ndani ya saa moja tangu kuamka. Kama zamu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi taa iwake saa kumi na moja alfajiri. Wengi huona nafuu ndani ya wiki moja hadi mbili.

Mambo yanayoharibu ni haya. La kwanza ni umbali: ukisogea mara mbili ya umbali ulioandikwa, mwanga unaofika jichoni unaweza kushuka hadi karibu robo. La pili ni kuitumia jioni baada ya kazi, ukamaliza usiku ukihesabu mabati. La tatu, ambalo tunaliona zaidi kwa watu wa kazi za zamu kama wewe, ni kuacha siku za mapumziko ili kufidia usingizi. Siku mbili za kulala hadi mchana zinarudisha saa ya mwili nyuma, na Jumatatu unaanza upya. Ukiumwa kichwa au kichefuchefu, punguza hadi dakika 15 kwa siku chache kisha panda taratibu.

Usiiwashe kabla ya kumwona daktari ikiwa una ugonjwa wa retina, kisukari kilichogusa macho, au unatumia dawa zinazofanya ngozi au macho yadhurike na mwanga. Vilevile ikiwa wewe au ndugu wa damu ana baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda juu sana na kushuka sana, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumrusha mtu upande wa pili: halali, anasema haraka haraka, anatumia pesa ovyo.

Mwaka ujao usingoje Novemba. Anza mwishoni mwa Septemba, kabla mwili haujazama, uendelee hadi Aprili.

Na mapumziko yako ya mchana yatumie nje, hata kukiwa na mawingu. Mchana wa mawingu nje una luksi elfu kadhaa, mara nyingi zaidi ya ukumbi wenu wa chakula, na theluji huongeza kwa kuurudisha mwanga juu. Vaa nguo tatu, utoke dakika 20.

Vitamini D ni jambo jingine, wala haichukui nafasi ya taa. Taa yenyewe haitengenezi vitamini D, kwa kuwa miale inayoitengeneza ndiyo iliyochujwa. Ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi, na katika majira ya baridi huko kwenu jua haliwezi kuitengeneza kabisa, sembuse umevaa koti hadi puani. Kipimo cha kila siku kinachoshauriwa Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 15, ambazo kwenye kopo huandikwa 600 IU. Mtu mzima asizidishe 4,000 IU bila daktari.

Taa ikishindwa baada ya wiki tatu za kuitumia sawasawa, kuna njia mbili zenye nguvu. Moja ni tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo. Ina faida ya kipekee: watu waliojifunza mbinu zake hurudiwa na ugonjwa mara chache zaidi katika baridi ya pili kuliko waliotegemea taa pekee. Nyingine ni dawa. Bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa kuzuia hasa sonona ya majira, ikianzwa kabla ya baridi. Hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili. Hulipii, na ni haki yako. Usimtumie mwanao kutafsiri mambo haya.

Mwambie pia kiongozi wa kwaya ukweli. Usiseme "nimechoka," sema "ni ugonjwa wa kila baridi, naomba mnipitie na gari Jumamosi." Kupitiwa ni rahisi kuliko kujiinua. Na usiku ambao mawazo ya kufa yatakujia, piga au tuma ujumbe kwa 988, namba ya msaada ya huko Marekani, saa yoyote.

Mwanangu ana miaka 26, ana baipola na anatumia lithiamu. Ametulia mwaka wa pili sasa, anafanya kazi gereji hapa Tabata. Lakini Januari hii, joto lilivyozidi, mikono imeanza kutetemeka sana, anaharisha, na jana alitembea kama amelewa ingawa hanywi. Nilidhani ni malaria, nikamnunulia dawa na diklofenaki ya maumivu. Jirani anasema ugonjwa wake umerudi. Je, niongeze dozi?
*Mama mzazi, Dar es Salaam*

Mama, usiongeze. Barua yako hatukuisubirisha, tulikujibu kwa simu siku ileile. Tunaichapisha kwa kuwa wako wazazi wengine ambao hawajaandika. Kutetemeka kwa nguvu, kuharisha au kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia lithiamu ni dalili za dawa kuzidi kwenye damu. Anasimamisha dozi inayofuata na anakwenda hospitali leo, akiwa na kopo la dawa mkononi. Asingoje kliniki ya Jumatano.

Hiki ndicho kinachotokea. Lithiamu ni aina ya chumvi, na figo huishughulikia pamoja na chumvi ya kawaida. Mtu akitoka jasho siku nzima chini ya gari bila kunywa maji ya kutosha, au akaharisha, mwili hushikilia chumvi iliyobaki na lithiamu hushikiliwa nayo. Dozi ni ileile aliyoitumia Julai, ila kiasi kilicho kwenye damu kimepanda. Kisha diklofenaki na ibuprofeni huifanya figo itoe lithiamu kidogo zaidi. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza. Kwa maumivu na homa, anayetumia lithiamu atumie parasetamoli. Muandikie kwenye karatasi abandike ndani ya kabati la dawa, na muuza duka la dawa aambiwe kila mara.

Damu ya kupima lithiamu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikitolewa mapema, namba itapanda bure na daktari atapunguza dawa isivyostahili. Kwa wengi kiwango kinachotafutwa ni 0.6 hadi 1.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na ikipita 1.5 ni hatari. Kwa hali ya Dar, tunashauri kipimo kimoja kifanyike Desemba, kabla ya kaskazi kukolea, na kingine wakati wa joto lenyewe. Maji yawe lita 2 hadi 3 kwa siku, kidogo kidogo, na chumvi ya chakula ibaki kama ilivyo. Kuna wanaosikia habari za presha wakaacha chumvi ghafla. Kwa mtu wa lithiamu hilo ni kosa kubwa, kwani chumvi ikishuka lithiamu inapanda.

Kwa miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia Februari na Machi, joto likiwa bado juu. Anayetumia lithiamu na anataka kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuandama mwezi. Wapo wanaoweza kufunga kwa kupangiwa upya saa za dawa na kupimwa damu, na wapo ambao daktari atawaambia wasifunge. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na hilo sheikh wa mtaani kwenu atalithibitisha.

Wasomaji wenye wagonjwa wanaotumia haloperidoli, klopromazini, benzheksoli au amitriptilini nao wasikilize. Dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kutoa jasho au kujipoza. Mtu aliyepata ngozi ya moto, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa huku usafiri ukitafutwa. Klopromazini pia huunguza ngozi juani, kwa hiyo mikono mirefu na kofia pana.

Jirani yako hakukosea kila kitu. Joto linaweza kweli kurudisha baipola, kupitia usingizi. Bati hubaki na joto hadi usiku wa manane. Madirisha yafunguliwe jua likishuka, aoge kabla ya kulala, na feni iwekwe karibu kabisa na chandarua, maana nyavu huzuia upepo. Kanga iliyoloweshwa ikakamuliwa vizuri, akajifunika kifuani, inapoza zaidi ya feni ya pili. Alama ya kuiangalia ni hii: akilala kwa muda wa saa 3 au 4 tu, usiku miwili mfululizo, na asubuhi haoni uchovu, bali ana nguvu na mipango mingi, mpigie daktari siku hiyo. Anayekosa usingizi kwa sababu ya joto peke yake huamka amechoka na amekasirika.

Assalaam alaykum. Nafanya kazi ya kuhudumia wageni mezani katika hoteli, Nungwi. Kila mwaka mwezi wa nne masika yanaanza, wageni wanakatika, na tunaambiwa turudi nyumbani hadi mwisho wa mwezi wa sita bila mshahara. Mwaka huu nimeshindwa. Silali hadi alfajiri, nalala mchana, namgombeza mke wangu kwa neno dogo, barazani sikai tena kwa sababu kila mtu ananiuliza kazi vipi. Wakati mwingine nahisi ningelala nisiamke. Je, huu ni ugonjwa au ni umasikini tu?
*Mhudumu, Unguja*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Tuanze na sentensi yako ya pili kutoka mwisho. Kutamani kulala usiamke ni jambo la kusema kwa sauti, kwa mtu mmoja unayemwamini, leo. Mwambie mkeo au kaka yako kwa maneno hayohayo uliyotuandikia. Ikiwa wazo limeshafika kwenye namna ya kufanya au siku ya kufanya, usikae peke yako usiku, vitu vya hatari viondoke nyumbani, na uende hospitali. Hospitali ya Kivunge iko jirani na Nungwi. Si lazima ufike hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu mjini ndipo uonwe. Na ninyi mnaosoma: kumuuliza ndugu "je, unafikiria kujiua?" hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kupumua.

Ugonjwa au umasikini? Vyote viwili, na kimoja kinakilisha kingine. Kwenye vituo vya afya hutumika maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, nguvu, kula, kujiona umeshindwa, umakini, mwendo wa mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10 au zaidi, unahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa likiwa na jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa," hatuangalii tena jumla. Wewe utaonwa.

Wakati huohuo siku zako zirudishiwe umbo. Kazini siku yako ilishikwa na zamu, sare, bosi na wageni. Vyote viliondoka asubuhi moja, na mwili haujui tena lini ni mchana. Amka kwa adhana ya alfajiri na usirudi kulala. Ukishindwa kabisa, lala dakika 30 baada ya adhuhuri, basi. Kahawa ya barazani isipite alasiri. Siku tano za mwanzo utateseka, usingizi utaanza kurudi wiki ya pili. Halafu kila siku weka kazi moja yenye kikomo, inayoonekana kwa macho ikiisha: kuziba paa linalovuja, kukarabati dema, kufundisha vijana wawili wa mtaani Kiingereza chako cha hotelini kwa saa moja. Usingoje hamu. Kwa mtu mwenye sonona kufanya hutangulia, hamu hufuata baadaye.

Kwa matatizo yenyewe, kaa na mkeo na karatasi. Andikeni yote: kodi, deni la duka, ada, ugomvi. Chagueni moja tu, linaloweza kuguswa wiki hii. Andikeni njia nne au tano, hata za kipuuzi, mchague moja, mseme nani atafanya nini na siku gani. Kutana tena baada ya siku saba. Njia hii ndiyo waliyofundishwa bibi wa Harare wanaowasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na Dakta Dixon Chibanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha watu waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Inafanya kazi kwa sababu sonona huyafanya matatizo kumi yaonekane kama moja lisilo na mlango.

Kisha jambo ambalo tungependa waajiri walisome pia. Masika hayamshangazi mtu. Yanajulikana Agosti, yanajulikana Desemba. Kama unalipwa miezi 9 kwa mwaka, basi mshahara wako halisi ni robo tatu ya unaoupokea. Anayepokea shilingi 400,000 akitoa 100,000 kila mwezi kabla hajagusa chochote, atakuwa na 900,000 mwezi wa nne unapoingia, sawa na 300,000 kwa kila mwezi wa miezi mitatu. Pesa iende mahali usipoifikia kwa simu. Mchezo wa kikundi unafaa ikiwa zamu yako ya kupokea mtaipanga iwe Aprili. Tunajua wengi robo nzima haiwezekani. Basi iwe ya kodi na mchele peke yake, kwa sababu vitu hivyo viwili ndivyo vinavyomwamsha mtu saa nane usiku. Hoteli nayo inaweza kukata kiasi kidogo kila mwezi kwa ridhaa ya mfanyakazi na kumrudishia Aprili. Na meneja, tarehe ya kurudi kazini iandikwe kwenye barua. Kungoja miezi mitatu bila tarehe kunavunja watu kuliko miezi yenyewe.

Barazani, ukiulizwa kazi vipi, jibu "nimefunga msimu, narudi wa saba" na ubadilishe mazungumzo. Usihame baraza.

Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Muscat. Kuanzia Juni hadi Septemba hatoki ndani, mapazia yamefungwa, kiyoyozi siku nzima. Amekuwa hasemi na hali vizuri. Tufanye nini?
*Binti yake, Muscat*

Kiangazi cha kwenu kinawafungia watu ndani kama theluji inavyowafungia wengine, na matokeo hufanana: mwanga hakuna, kutembea hakuna, wageni hakuna. Sheria ya Oman yenyewe huwazuia wafanyakazi wa nje kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri kuanzia Juni hadi Agosti, kwa hiyo mama hana kosa kuogopa jua.

Saa yake ni baada ya sala ya alfajiri, hadi jua linapochomoza na kupanda kidogo. Mtembee naye dakika 20 akiwa na maji. Mapazia yafunguliwe upande usiopigwa na jua, akae hapo anywe kahawa. Kiyoyozi kiwe nyuzi 24 hadi 26. Wengi hukiweka 18, wakakaa wamejifunika blanketi bila kusogea. Jioni awe na ratiba ya wageni, watu wawili au watatu kwa wiki, kwa siku zinazojulikana, na ndugu wa Unguja wampigie kwa zamu badala ya wote Ijumaa. Mkiweza, mpelekeni Salalah, kusini mwa Oman, siku chache wakati wa kharifu, yaani msimu wa manyunyu huko, kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, akapate manyunyu na kijani. Apimwe vitamini D, maana kukosa jua kwa nchi za jua kali ni jambo la kawaida. Muulizeni daktari pia kuhusu kumbukumbu yake na dawa anazotumia. Mzee anayenyamaza na kuacha kula asichukuliwe kuwa "ni joto tu" kwa zaidi ya wiki mbili.

Mimi ni mwalimu Njombe. Juni na Julai naamka kichwa kinauma, nimechoka, sina raha ya kufundisha, na mchana napata nafuu kidogo. Mke wangu na mtoto nao wanalalamika hivyohivyo. Nimesoma kuhusu sonona ya baridi Ulaya. Je, ndiyo hii? Chumbani tunaweka jiko la mkaa usiku.
*Mwalimu, Njombe*

Mwalimu, toeni jiko hilo leo kabla hujamaliza kusoma. Njombe hata katika siku fupi ya mwaka mna zaidi ya saa 11 na nusu za mchana, kwa hiyo upungufu wa mwanga kama wa Ulaya haupo. Familia nzima kuamka na kichwa kinachouma, kisha kupata nafuu wakitoka nje, ni picha ya sumu ya mkaa: kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na jiko lililokwisha kutoa moshi, lenye makaa mekundu mazuri, bado linaitoa. Hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni. Kwa kiasi kidogo huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, usahaulifu na unyonge ambao mtu huuita mawazo. Kwa kiasi kikubwa watu hawaamki. Mtoto na mjamzito huathirika mapema zaidi.

Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na bakuli la maji pembeni ya jiko halisaidii lolote. Badala yake jazeni chupa za maji moto, mzifunge kwa taulo na kuziweka kitandani nusu saa kabla ya kulala. Lala na soksi na kofia, tandika blanketi moja chini yako kwani baridi nyingi hutoka kwenye godoro, na ziba nyufa za mlango kwa nguo kuukuu sasa kwa kuwa hakuna moto ndani. Wote watatu mwende kituo cha afya mkaeleze habari ya jiko. Mtu akikutwa haamki vizuri, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali apewe oksijeni.

Kalale wiki mbili bila jiko. Ikiwa kichwa kimepona lakini raha ya kufundisha haijarudi, nenda ukaulizwe yale maswali tisa tuliyomwandikia ndugu wa Nungwi.